Hisa 48 za Gari la Marehemu Baba

Marehemu baba yetu, Allah amrehemu na aliangaze kaburi lake, alipofariki mwaka 2009 aliacha vitu viwili vya kurithiwa: shamba dogo la minazi katika njia ya Pangani, na gari aina ya Toyota Hiace la injini ya dizeli. Nyumba tuliyoishi hapa Tanga ilikuwa ya mama, aliyoipata kwa wazazi wake. Shamba halikututia katika mtihani wowote. Gari ndilo lililotutia.

Wengi katika mtaa wetu walilijua gari lile kwa mlio wake kabla ya kuliona. Asubuhi lilichukua abiria wa Muheza, jioni likarudi. Ijumaa baba hakulipeleka popote baada ya saa tano. Ulipotokea msiba, lilibeba jeneza na waombolezaji, na hakupokea hata senti ya mafuta. Alipoondoka duniani, watu waliokuja kutupa pole walilitazama lile gari uwanjani kama wanavyomtazama mtu wa nyumbani aliyefiwa.

Tulikuwa warithi watano: mama, mimi niliye mkubwa, dada zangu wawili, na mdogo wetu wa mwisho wa kiume, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka tisa. Gharama za maziko zililipwa, madeni machache yakalipwa, na baba hakuwa ameacha wasia. Kilichobaki kilikuwa ni kugawa. Hatukugawa. Siku ya arubaini ilipita, mwaka ukapita, na kila nilipotaka kulizungumza jambo hilo ulimi wangu ulikuwa mzito. Niliona ni aibu kuhesabu mali ya mzee ilhali udongo wake haujakauka. Jamaa walinisifu kwa hilo. Walisema, “Watoto wa mzee wamelelewa vizuri, hawana pupa.” Sifa hizo zilinipendeza, nami nikazifanya kuwa hoja.

Gari liliendelea na kazi chini ya dereva wa siku zote, mtu mzima aliyefanya kazi na baba kwa miaka mingi na ambaye sote tulimwita ami. Fedha alizileta kwa mama kila jioni. Mama alitoa za matumizi, na zilizobaki akaziweka katika kisanduku cha bati. Kisanduku kile tulikiita “fedha za gari”, kana kwamba gari lenyewe ndilo lenye mali.

Mwaka 2010 dada yangu anayenifuatia alirudi nyumbani na mtoto mchanga baada ya ndoa yake kuvunjika. Akaniomba, kwa adabu kamili, apewe fedha katika kisanduku kile anunue cherehani apate kujitegemea. Nilimjibu kwa sauti ya mtu mwenye elimu, maana mimi ni mwalimu wa shule: “Mdogo wangu, mali ya marehemu haijagawanywa. Haiguswi.” Akanyamaza. Naomba msomaji aliweke jibu langu hilo akilini, kwa sababu litarudi.

Katikati ya mwaka 2011 gari lilianza kuchemsha. Maji yalitoka mapovu kwenye rejeta, na moshi mweupe ukatoka nyuma hata injini ikiwa imeshapata moto. Fundi alifungua akakuta silinda hedi imepasuka kati ya vali. Aliniambia kwamba ugonjwa huo si mgeni kwa injini hizo za dizeli zinapozeeka na kupata joto kupita kiasi, na kwamba kuchomelea hedi ni kununua muda mfupi kwa fedha nyingi. Injini nyingine ya dizeli ya mtumba aliikadiria shilingi 2,600,000. Kisha akanipa njia ya pili. “Mwalimu,” alisema, “ipo injini ya petroli ya Hiace hizi hizi, iko na gia boksi yake, kwa 1,300,000. Tukiitia hiyo, gari litakuwa jepesi, halina kelele, wala moshi hutauona.”

Kwa ambao hawajapata kushughulika na magari, nieleze kwa ufupi tofauti ya injini hizi mbili, kwani ndani yake mna sehemu ya kisa hiki. Injini ya petroli huvuta hewa iliyochanganyika na mafuta, ikaibana kiasi, kisha plagi ikatoa cheche na mchanganyiko ule ukawaka. Injini ya dizeli haina cheche. Huvuta hewa tupu, ikaibana kwa nguvu nyingi, mara ishirini au zaidi, hata hewa ile ikawa moto mkali. Ndipo nozeli inapopuliza dizeli ndani, nayo ikawaka yenyewe. Kwa sababu hiyo injini ya dizeli huundwa kwa vyuma vizito zaidi, hunguruma zaidi, na hutumia mafuta kidogo kwa kazi ile ile. Tena lita moja ya dizeli ina nishati zaidi ya lita moja ya petroli. Gari la kubeba watu siku nzima hufaidika na dizeli. Hayo yote baba aliyajua alipolinunua. Mimi sikuuliza.

Sikumwuliza mtu yeyote. Nilikwenda kwa mama nikamwambia, “Mama, gari linataka matengenezo, nipe kisanduku.” Mama akanipa, maana ndiye aliyenizaa na hakuwa na shaka nami. Dada zangu waliliona gari likivutwa kwa kamba kwenda gereji, na waliona likirudi. Hawakuambiwa chochote kati ya siku hizo mbili.

Nililoliona kuwa ni jambo la kutoa injini hii na kutia ile lilikuwa na mambo mengi ndani yake. Gia boksi ya dizeli haikukubali injini mpya, ndiyo maana ya kununua na ya kwake. Maunti za kushikilia injini zilikatwa na kuchomelewa upya. Tangi lilishushwa na kuoshwa, kwani dizeli iliyobaki ingeiharibu petroli. Mipira ya mafuta ilibidi ibadilishwe yote, na hapo fundi alikuwa mkali kwa haki: mvuke wa petroli huwaka kwa urahisi mno ukilinganisha na dizeli, na mpira mzee unaovujisha tone moja la dizeli ni uchafu, lakini unaovujisha petroli karibu na ekzosi ya moto ni maafa. Ekzosi ikaundwa upya, nyaya za koili na plagi zikavutwa upya. Hesabu ikawa hivi: injini na gia boksi 1,300,000; ufundi 250,000; tangi, pampu, mipira na vichujio 150,000; ekzosi na maunti 120,000; nyaya, betri na mafuta ya kulainisha 100,000. Jumla 1,920,000. Nikajiona nimeokoa mali ya marehemu.

Gari liliwaka kwa mguso mmoja. Halikutoa moshi. Majirani walitoka nje kulitazama, na mmoja wao akasema kwamba sasa halisikiki tena likija. Mama alisikia maneno hayo, akaingia ndani bila ya kusema kitu.

Wiki ya tatu tulialikwa katika harusi ya jamaa zetu huko Amani. Wanaoijua njia ya kutoka Muheza kupanda Amani wanajua kona zake na miteremko yake. Kwenda tulikwenda salama. Wakati wa kurudi, ami yuko kwenye usukani, mimi kando yake, nyuma wamekaa mama, dada zangu, mtoto mchanga, mdogo wetu na majirani sita. Tuliposhuka kona ya tatu au ya nne nilimwona ami akikanyaga breki kwa mguu wote, na mwili wake ukainuka kwenye kiti. Hakupiga kelele. Alisema tu, “Breki imekuwa jiwe.” Akarudisha gia ya pili, kisha ya kwanza, injini ikalia kwa uchungu, akavuta breki ya mkono kidogo kidogo, na gari likasogea ukingoni upande wa mlima mpaka ubavu wake ukakwaruza udongo likasimama. Nyuma watu walikuwa wakisoma shahada. Mdogo wetu alikuwa amemshika mama shingoni.

Hakuna aliyeumia, alhamdulillah. Tulishuka, wanawake wakakaa chini ya miti, nasi tukasubiri mpaka fundi mwingine alipopanda kutoka Muheza. Huyo alifunua injini akaliona kosa kwa muda mfupi, na alinieleza kwa upole kama anavyoelezwa mwanafunzi. Breki za gari kama hilo husaidiwa na chombo kiitwacho busta, ambacho hufanya kazi kwa mvuto wa hewa. Injini ya dizeli huvuta hewa bila ya kizuizi, kwa hiyo haina mvuto wa kuipa busta. Ndiyo maana ile ya zamani ilikuwa na pampu ndogo ya hewa nyuma ya altaneta. Injini ya petroli ina kizuizi cha hewa ndani ya kabureta, na mvuto mkubwa hupatikana chini ya kizuizi hicho dereva anapoondoa mguu kwenye mafuta. Katika injini yetu, tundu pana la chini lilikuwa limezibwa kwa boliti tangu lilikotoka. Fundi wa kwanza hakulizibua. Aliuunga mpira wa busta kwenye tundu jembamba lililo juu ya kizuizi. Tundu la juu huvuta pale tu dereva anapokanyaga mafuta. Anapoondoa mguu ili ashike breki, mvuto hutoweka. Gereji, injini ikiungurumishwa, breki ilionekana nzima. Mjini, ambako breki hushikwa mara moja moja, busta ilikuwa na akiba ya kutosha. Kwenye mteremko wa Amani, breki ikishikwa mara nyingi mfululizo, akiba iliisha.

Matengenezo ya kosa lile hayakufika hata shilingi 20,000. Watu kumi na watatu walikuwa ndani ya gari.

Usiku ule baada ya swala ya Isha dada yangu, yule wa cherehani, alikuja barazani nilipoketi. Alisema bila ya kupandisha sauti: “Kaka, mimi nilipoomba uliniambia mali ya marehemu haiguswi. Injini hii umeigusa kwa ruhusa ya nani?” Nikaanza kumweleza habari za hedi iliyopasuka na bei ya dizeli. Akanikatiza: “Sikuulizi kwa nini. Nimekuuliza kwa ruhusa ya nani.” Sikuwa na jibu. Kesho yake alfajiri nilikwenda kwa mwalimu aliyenifundisha Qur’ani utotoni.

Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba karatasi. Akaandika: mama, kwa kuwa marehemu ana watoto, ana thumni, yaani sehemu moja ya nane. Zilizobaki saba ni za watoto, mwanamume kwa hisa ya wanawake wawili. Ili hesabu itoke bila ya kuvunjika, akaigawa mali kwa hisa 48. Mama 6. Mimi 14. Mdogo wangu wa kiume 14. Dada zangu 7 kila mmoja. Akaigeuza karatasi ikanielekea, akauliza, “Gari hili lina hisa 48. Wewe una ngapi?” Nikasema, “Kumi na nne.” Akasema, “Na uliamua kwa ngapi?”

Alinieleza kwamba mali ya maiti, yakishalipwa madeni na wasia, si mali ya maiti tena, na ile kauli yangu ya “mali ya marehemu” ilikuwa pazia. Ni mali ya walio hai, kila mmoja kwa hisa yake, na fedha zinazotokana na mali hiyo ni zao vile vile. Kaka mkubwa hana hisa ya ukubwa. Kisha akaligusa lililo zito zaidi: mmoja katika washirika wangu ni yatima ambaye hajabaleghe. Akanikumbusha onyo la Allah (S.W.) katika Suratun Nisaa kwa wanaokula mali ya mayatima kwa dhuluma. Nilijitetea kwamba sikula kitu, nilitengeneza gari. Akajibu kwamba hakunituhumu kula. Amenikumbusha tu jinsi mali ile ilivyozungushiwa ukuta, na mimi nimeingia bila ya kubisha hodi. Waliobaleghe wanaweza kunisamehe wakitaka. Mtoto hawezi kusamehe haki yake hata akisema amesamehe, kwa sababu bado hana mamlaka nayo.

Nilirudi nyumbani nikawakusanya. Nikasoma hesabu ya matengenezo yote mbele yao, kitu kwa kitu. Shilingi 1,920,000 kwa hisa 48 ni shilingi 40,000 kila hisa. Mama alilia akasema amesamehe, na kwamba yeye pia ana kosa kwa kunipa kisanduku. Dada mdogo alisamehe. Dada yangu wa cherehani alisema, “Mimi nataka changu.” Wengine walimtazama kwa mshangao, lakini mimi nilimshukuru moyoni, kwani alikuwa amesema kweli. Changu chake kilikuwa shilingi 280,000. Cha mdogo wetu kilikuwa 560,000. Inawezekana mtu akasema kwamba injini ilikuwa imo ndani ya gari na gari ni la wote, hivyo deni halikuwa kubwa kiasi hicho, na huenda wanazuoni wana maelezo marefu hapo. Sikutaka kutafuta mlango wa kutokea. Nilizilipa 840,000 kwa mishahara ya miezi kumi. Dada alinunua cherehani kwa malipo ya kwanza. Za mtoto alikabidhiwa ami yetu wa damu, ndugu wa baba, mbele ya mashahidi wawili, zikaandikwa katika daftari.

Wakati huo tuligundua pia kwamba lile lililoitwa kuokoa mali halikuwa kuokoa. Safari ambazo zamani ziliishia katika lita kumi za dizeli sasa zilitaka lita kumi na tano za petroli. Kisanduku kilijaa polepole, kisha kikawa hakijai. Mwaka 2012 tulikubaliana, safari hii sote, kuliuza gari na kugawana.

Dalali alilikadiria shilingi 5,500,000, kwa sharti moja: tusiseme kwamba injini imebadilishwa. Kadi ya gari bado ilikuwa imeandikwa dizeli, na nambari ya injini ya zamani. “Mnunuzi hasomi kadi, mwalimu, anasikiliza mlio,” alisema. Nilikumbuka kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita kwa muuza nafaka, akatia mkono ndani ya lundo, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua iliyoipata. Mtume (s.a.w.) akamwuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, na akasema kwamba mwenye kughushi hana nafasi naye. Tulikwenda kwanza kurekebisha kadi. Mnunuzi alipokuja tulimwonyesha maunti zilizochomelewa, tundu la busta, na ubavu uliokwaruzwa Amani. Alilinunua kwa 4,800,000. Kila hisa ilikuwa 100,000. Mama alipokea 600,000, dada zangu 700,000 kila mmoja, mimi 1,400,000, na mdogo wetu 1,400,000 ambazo ziliandikwa katika daftari lile lile. Mwezi huo huo tukagawa na shamba.

Mdogo wetu alipobaleghe na kuonekana ana akili ya kuhifadhi mali, ami alimkabidhi daftari na fedha mbele ya mashahidi. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, mpaka kwenye bei ya mipira ya mafuta. Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa kuhusu injini. Hakuuliza. Aliuliza, “Kaka, kwa nini hatukugawana mwaka ule ule baba alipofariki?”

Nilimwambia ukweli: niliona haya. Niliogopa watu watasema tuna pupa. Akafunga daftari, akasema kwamba kama tungegawana, dada angepata cherehani mwaka mmoja kabla, nasi tungeulizana kuhusu injini, na pengine ami angetuambia kwamba gari la Muheza halifai petroli, maana alijua. Hayo yote ni kweli. Ami alijua tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyemwuliza.

Ndugu msomaji, iwapo nyumbani kwenu lipo gari, duka, nyumba au shamba ambalo bado linaitwa “la marehemu” ilhali madeni yake yamekwisha lipwa, kaeni chini juma hili mwandike hisa za kila mmoja. Heshima ya maiti haipungui kwa kutekelezwa alichokifaradhisha Mola wake. Na wewe uliye mkubwa katika nyumba, ambaye wadogo zako hunyamaza unaposema, uchunge sana ukimya wao.

Allah awarehemu wazazi wetu, atusamehe tuliyoyafanya katika haki za wenzetu, na atupe ujasiri wa kuzirejesha kabla ya siku isiyo na dinari wala dirhamu. Amin.